Hedifoni Inayopitisha Kelele

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Hapana, nimekosea, ni kumi na nane. Kumi na saba dada mtu alikuwa bado anatembea, tena kwa madaha, na haya yote yalianza baada ya yeye kuteleza bafuni akavunjika nyonga.

Kumi na nane basi. Mdogo wake alikuwa fundi wa nguo, mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani ya kukanyaga dirishani, mabaki ya vitambaa mpaka chini ya kiti. Wateja walimwita Shingo Upande. Si kwamba alifanya kazi bila kupenda, la. Ni shingo yenyewe iliyokwenda upande. Kila siku baada ya chakula cha mchana dada yake alimpigia simu kutoka kitandani, mji wa mbali, naye fundi, mikono kwenye kitambaa na miguu kwenye pedali, aliibana simu kati ya sikio na bega. Saa nzima. Siku nyingine saa na nusu.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na sita, yeye minne. Cherehani ilikuwa ya dada; alimfundishia hiyo hiyo, na macho yalipomwishia akamwachia. Sasa pale kitandani alibakiwa na kazi moja tu, kuisikiliza cherehani hiyo simuni.

"Hebu simama. Sindano hiyo haina ncha."

"Nimeibadilisha juzi, dada."

"Basi umebadilisha mbovu kwa mbovu. Itoe."

Anaitoa, anaipitisha kwenye ukucha: kweli, ncha imepinda. Kesho ni mafuta, keshokutwa ni mkanda wa gurudumu.

Mwishowe shingo ikakataa. Akiamka asubuhi hawezi hata kumgeukia mkewe. Daktari akambonyeza, akaguna. "Mzee, ukiendelea hivi mkono huu utakufa ganzi. Acha simu au acha cherehani."

Aache kipi? Cherehani ndiyo inayowalisha. Na bila simu, dada atabaki kuhesabu mbao za dari. Mkewe ndiye aliyepata dawa.

"Si ununue ile ya kuvaa sikioni, isiyo na waya? Madereva wote wanazo. Wewe kazi kujikunja tu kama ndoano."

Dukani, muuzaji, binti mcheshi, alimpangia kaunta nzima. Zile ndogo kama maharage zilimdondoka kila alipoinama, na kazi ya fundi ni kuinama. Ile kubwa ya kufunika masikio yote mawili ilimtia wasiwasi: mteja ataingia, atakohoa, ataondoka, mwenyewe hana habari. Ikabaki ya sikio moja, yenye kijiti cha maiki kinachofika mdomoni na chaji ya siku nzima.

"Na hii, baba, inachuja kelele," binti alisema. "Hata ukae kwenye mashine ya kusaga, mwenzako anasikia sauti yako tu."

"Kelele zote?"

"Zote. Ndiyo maana inapendwa."

Fundi alitoka amenyooka kama askari wa gwaride.

Alasiri ile akaongea na kushona, raha mustarehe. Ila dada alijibu kwa mkato.

"Leo hushoni?"

"Nashona, dada. Hii suruali ya pili."

"Haya."

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu dada hakupiga. Fundi akapiga mwenyewe, akapokea mpwa wake.

"Mama amegeukia ukutani, mjomba. Anasema umeiuza cherehani yake na unaona aibu kumwambia."

Fundi akalivua lile dude sikioni, akalitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkosea adabu.

Asubuhi alifika dukani kabla ya mwenye duka.

"Imeharibika, baba?"

"Haijaharibika. Ni nzuri mno. Nipe isiyochuja."

Binti alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Watu wanazikimbia kelele, wewe unazifuata?"

"Kelele hiyo ndiyo bosi wangu, mwanangu."

Wakajaribu tatu. Fundi anavaa, anagonga kaunta kwa mkasi. Binti amesimama nje na simu sikioni. Ya tatu, ya bei ya chini kuliko zote, binti akapiga kelele kutoka barabarani: "Hiyo! Kama mvua ya mawe!" Alimbadilishia bila kununa, akamwunganishia na simu. Fundi humwombea heri mpaka leo.

Alasiri akampigia dada. Hakusema neno, akakanyaga tu.

Halafu dada: "Mkanda."

"Unasemaje, dada?"

"Mkanda umelegea, mvivu wewe! Siku tatu tu sipo."

Fundi akajifuta macho kwa kipande cha bitana, akaukaza mkanda.

"Asante, dada."

"Asante ya nini? Kanyaga."

Wakashona hivyo miaka, na shingo ikarudi mahali pake. Ila kuna alasiri moja, simu imeshaunganika, fundi ndiyo kwanza anavuta kiti, mguu haujagusa pedali, dada akasema: "Badilisha hiyo sindano." Akaitoa. Imepinda.

Akaibadilisha, akashukuru, kisha akauliza amejuaje. Dada alicheka tu. Akamwuliza mpwa, akaenda mpaka kwa binti wa dukani anayejua mambo ya maiki. Hatimaye akamrudia dada mwenyewe.

"Hivi dada, wewe unaisikia cherehani, au unanisikia mimi?"