Kwa Nini Nilishuka Baiskeli

Mume wangu Masolwa alipozikwa, baiskeli yake ilikuwa bado ina udongo wa shamba la tumbaku kwenye matairi. Siku ya kuondoa matanga, mdogo wake Luhende aliishika usukani.

"Hii ni ya mwanaume, shemeji. Ina mtalimbo hapa katikati."

"Na mkaa unaouzwa stesheni ya Usoke anaupeleka nani? Huo mtalimbo?"

Watu wakacheka. Luhende hakupenda. Akatoa simu, akasema mbele ya ukoo kwamba ataitega kengele: nipande kilima cha mnara na gunia la mkaa nyuma. Nikifika juu kabla simu haijalia, baiskeli yangu. Ikilia sijafika, yake.

Wazee wakakubali, wakaona ni mchezo. Kwangu haukuwa mchezo. Bila ile baiskeli mkaa haufiki stesheni, na wanangu hawali.

Kesho yake asubuhi nilipanda. Sikusoma, lakini kilima kile nakijua, penye mchanga na penye mawe, na pale unapoinuka kwenye kiti ukakanyaga kwa uzito wako wote. Watoto walikimbia pembeni. "Mama Julieth, kaza! Kaza!" Nikauona mnara, na Luhende chini yake na simu yake mkononi.

Kwenye kona ya mwisho alikuwa amekaa baba mkwe wangu, Mzee Sayi, juu ya kigoda. Mzee haoni, na tangu mazishi hakuwa ametoka nje. Baadaye nilijua Luhende ndiye aliyempakia kwenye bodaboda asubuhi ile na kumketisha pale.

Kwetu mkamwana hampiti baba mkwe akiwa juu ya baiskeli. Hata hivyo nilikuwa nimeamua kupita, maana haoni. Lakini alisikia mnyororo ukilia, akainua uso.

"Masolwa? Umerudi, baba?"

Nilishuka. Nikapiga magoti mchangani.

"Shikamoo, baba. Ni mimi, Bertila."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko nyuma?"

Juu pale simu ikalia, na Luhende akapiga mluzi.

Wazee walisema tulikubaliana. Hakuna aliyeuliza mzee alifikaje kwenye kona.

Sasa nabeba mkaa kichwani. Kila asubuhi Luhende hupita mbele ya nyumba ya baba yake na baiskeli ile. Mzee akisikia mnyororo, huita jina la mume wangu. Luhende hashuki. Anayekwenda kumwitikia ni mimi.