Fundi anayefundisha asubuhi na kufeli mchana

Saa saba na nusu mchana kengele ya chuo inalia, na Cheche anazima mashine ya kuchomelea. Anavua glavu, anajifuta jasho kwa mkono wa ovaroli, kisha anahesabu nyundo na koleo mpaka zote zitimie kabatini. Wanafunzi wake ishirini na sita wameshatoka mbio kuelekea jengo la pili. Naye anawafuata, daftari kwapani.

Darasani anakaa benchi la mwisho, karibu na dirisha lisilo na kioo. Pembeni yake ameketi msichana ambaye dakika kumi zilizopita Cheche alikuwa akimgombeza kwa kushika grinda kwa mkono mmoja. Sasa msichana huyo, ambaye wenzake humwita Rula, anamsogezea kifutio.

"Asubuhi ananifokea, mchana ananichungulia majibu," anasema Rula huku akicheka. "Lakini shikamoo yake haipungui. Ni mwalimu wangu hata akiwa hajui."

Jina la Cheche limetokana na cheche zilizotoboa kila shati alilonalo. Ana miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa amefundisha kuchomelea katika karakana ya chuo hiki cha ufundi. Aliletwa kutengeneza geti. Geti lilipokwisha, mkuu wa wakati ule akamwambia abaki awaonyeshe vijana. Cheti hakuwa nacho, na hakuna aliyemuuliza.

Miaka miwili iliyopita aliulizwa. Utaratibu mpya unataka kila anayefundisha karakana awe na cheti kamili, na cheti kamili hakitoki kwa ufundi peke yake. Kuna masomo ya jumla: lugha, uraia na hesabu. Kwenye ufundi Cheche alipata tisini na sita kwa mia. Lugha na uraia akapita. Hesabu imemkaa kooni.

Mara ya kwanza alipata ishirini na mbili. Mara ya pili, thelathini na moja. Mara ya tatu, miezi miwili iliyopita, akapata thelathini na nane. Alama ya kufaulu ni arobaini.

"Nilikaa chini pale pale barazani walipobandika matokeo," anasema. "Bora ningepata sifuri. Mtu ukipata sifuri unalala."

Mwalimu wa hesabu, binti anayelingana na mwanawe wa kwanza, aliomba karatasi ipitiwe upya. Ilirudi na alama zile zile, lakini safari hii waliona palipomwangusha. Lilikuwa swali la tisa, lenye alama tatu: bomba la chuma la mita sita linakatwa vipande vya sentimita sabini na tano, vitapatikana vipande vingapi?

Mwandishi wa makala haya alipoonyeshwa swali hilo aliandika nane bila kufikiri. Cheche aliandika saba.

"Wewe umeshawahi kukata chuma?" anauliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake inapanda. "Kila ukikata, jiwe la grinda linakula milimita tatu. Kata mara saba, limekula ishirini na moja. Kile cha nane kinatoka kifupi kwa upana wa kidole kizima. Ukikiweka kwenye dirisha la mtu hakifiki. Sasa mimi nitaandikaje nane?"

Mwalimu wa hesabu hana raha akilizungumzia jambo hilo.

"Mzee wangu yuko sawa, halafu jibu lake ni kosa," anasema. "Niliwaandikia wasahihishaji, wakajibu kwamba mwongozo unasema nane. Mimi nilimfundisha kugawanya. Sikumwambia akiingia kwenye mtihani aisahau kazi yake. Hilo linaniuma mpaka leo."

Nyumbani, mkewe ni fundi cherehani, na swali la tisa amelisikia hadi amelikariri.

"Baba watoto, hata mimi nikikata kitambaa naacha cha mshono," anamwambia bila kuinua macho kwenye cherehani. "Lakini mtihani si mteja. Ungewaandikia tu nane yao."

Cheche anainuka. Anatoka kwenda uani.

"Umeona? Ndivyo alivyo siku hizi," mkewe anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. "Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona analia. Mwaka huu nimemwona mara mbili."

Barua ilikuja wiki iliyopita. Mkataba wake hautaongezwa. Unakwisha mwisho wa mwezi huu. Zimebaki siku kumi na mbili za kazi, na mtihani wa marudio ni baada ya miezi mitano. Aliyeileta barua hiyo ni mkuu wa idara, ambaye Cheche mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuwasha mashine ya kuchomelea.

"Alinipa kwa mikono miwili, akanipa na shikamoo, akaondoka haraka," anasema. "Nimlaumu nini? Naye katumwa."

Mkuu huyo wa idara anasema mikono yake imefungwa. Nafasi ya Cheche imeshatangazwa. Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa koridoni, na linataka mtu mwenye cheti kamili na uzoefu wa mwaka mmoja. Cheche hulipita kila mchana akienda kwenye kipindi cha hesabu, maana bado anahudhuria.

Asubuhi ya pili ya ziara hii anawapa wanafunzi bomba la mita sita na kuwaambia walikate, sentimita sabini na tano kila kipande. Rula ndiye anayeshika grinda, safari hii kwa mikono miwili. Vipande saba vinapangwa mezani, vyote sawa. Cha nane anakiokota Cheche sakafuni, anakipima kwa futi, anakishika muda mrefu.

Akipita mtihani huo wa marudio, watamrudisha? Hakuna aliyemwambia, na yeye hajauliza. Anasema atajilipia ada, atarudi kuufanya kama mtu wa nje.

"Nitakwenda na hiki," anasema. "Nitakiweka mezani, nikiangalie vizuri, halafu niandike nane."

"Mwalimu, hawatakuruhusu kuingia nacho," Rula anamwambia.

Anakigeuza kile kipande mkononi, anapuliza vumbi la chuma lililoganda kwenye ncha.

"Basi nitakiacha mlangoni."