Nilipoona Haya Kupanda Juu ya Bati

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiisimulia uso huniwaka kwa haya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kijijini kwetu, huku kusini mwa Pemba, umeme wa nguzo ulikuwa haujafika, na kituo cha afya kilikuwa kimewekewa paneli za sola juu ya bati ili friji ya chanjo ifanye kazi. Kabla ya hapo chanjo zilikuja na boksi la barafu, na barafu ikiyeyuka basi tena.

Mafundi walipomaliza, waliomba kijana mmoja wamfundishe kuvitunza vile vyombo. Wavulana wakatazamana, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Nikanyoosha mkono mimi, mtoto wa kike. Ujasiri ule sijui niliutoa wapi. Wakanifundisha kupanguza paneli kila wiki, kutazama maji ya betri yasishuke chini ya mstari, na kusoma taa za kile kiboksi cha ukutani. Natamani ungeniona, nimevaa suruali ya kaka yangu chini ya kanga, niko juu ya bati asubuhi na kitambaa changu, kijiji kizima nakiona kwa juu!

Lakini mbele ya kituo palikuwa na duka, na dukani hapakosi watu. "Mkasi kawa kunguru," wakasema kwa kunitaja jina langu, "makazi yake mapaani." Mwanzo nilicheka nao. Kisha ikaja posa yangu, na shangazi wa mchumba akauliza nyumbani kama huyu mtoto ataendelea kupanda mapaa hata akiolewa. Wiki ile sikupanda. Wiki ya pili sikupanda, na betri nazo sikuzigusa. Nesi wetu, Bi Salma, akiniuliza, namjibu, "Kila kitu sawa."

Ulikuwa wakati wa jua kali. Vumbi, chumvi ya pwani na uchafu wa ndege vikaganda juu ya vile vioo.

Asubuhi ya chanjo nikaitwa. Nilimkuta Bi Salma amekaa mbele ya friji, mlango wazi, kipimajoto mkononi. Taa ya kiboksi ilikuwa nyekundu.

"Chanjo zote hazifai," akasema. Hakupaza sauti. Barazani akina mama walikuwa wamejaa, wengine wametembea tangu alfajiri na watoto mgongoni. "Nenda ukawaambie weye. Miye nimewaita, lakini weye ndiye unayejua kwa nini wanarudi."

Nikawaambia. Sikumsingizia mtu. Wakanyanyuka mmoja mmoja bila kunitukana, na hilo ndilo lililoniliza. Akabaki Bi Time, bibi mmoja muuza samaki, mjukuu wake mapajani.

"Kwa nini uliacha, mwanangu?"

"Niliona haya, bibi. Watu walikuwa wakinicheka."

"Katika walokucheka, miye nimo." Akamfunga mjukuu vizuri mgongoni. "Nilipoona hupandi tena nikasema alhamdulillahi, katulia. Kumbe tumekosa sote. Kesho asubuhi njoo. Ngazi nitaishika miye."

Na kweli aliishika, duka zima likitazama, na hapana aliyecheka. Wiki iliyofuata zikaletwa chanjo nyingine, watoto wakachanjwa wote, na kwa rehema za Mungu hapana aliyedhurika. Mchumba nilipomwambia kuwa kazi sitaiacha, alinijibu kwamba yeye hakuwahi kunitaka niiache. Tuliishi vizuri mimi na marehemu yule. Nimefunga sola Kisiwa Panza, nimefunga pampu za visima Gando, na waliokuwa wakinicheka wakawa wanatuma watu kunifuata.

Sasa nakwambia weye, mwanangu. Leo sola iko kila mahali kisiwani, lakini bado nawaona vijana wamekaa wakimngojea fundi avuke kutoka Unguja aje kubadilisha betri ambayo wao wenyewe wangeibadilisha. Yakitangazwa mafunzo, kaandikishe jina, uwe mvulana au msichana. Sheha, kiongozi wetu wa kijiji, akiita mkutano wa mradi, nenda, na usikae nyuma ukinong'ona. Uliza paneli zitakaa wapi, nani atazitunza, vifaa vikiharibika vitapatikana wapi. Usipojua, sema hujui, ufundishwe. Na ukishapewa kazi, ukaona unataka kuiacha, iseme mapema mbele ya watu, apatikane mwingine. Mimi kosa langu kubwa halikuwa kuona haya. Lilikuwa kusema kila kitu sawa.

Nasi wazee tuuchunge ulimi wetu, tusiwavunje moyo watoto wetu wenyewe.

Mwenyezi Mungu akufungulie ufahamu, aitie baraka mikono yako, akulinde na kila cha kuumiza, na watu wa kisiwa hiki wapate kheri kwa sababu yako. Amin, mwanangu, amin.