Jibu Lirudi kwa Nani

Nimechoka na watu wanaosema kompyuta ndiyo imekosea. Kompyuta inafanya ulichoiambia, basi.

Kwenye koperative yetu ya wachuuzi wa mpakani, mimi ndiye ninayetunza programu inayopokea imeli ya mtu mmoja na kuisambaza kwa wanachama wote, wa huku Rusizi na wa Bukavu. Kila imeli ina kichwa chake: imetoka kwa nani, inaenda kwa nani, jibu lirudi wapi. Nilisema toka mwanzo, mpaka koo likanikauka: hiyo sehemu ya jibu programu isiiguse. Ajibiwe aliyeandika. Anayetaka kuwajibu wote, achague mwenyewe.

Mzee wa komite akakataa. Kwetu ukionekana unanong'ona na mtu pale kwenye daraja la mpakani, Rusizi ya pili, watasema mnapanga bei ya kuwaumiza wenzenu. "Hapa hakuna maneno ya pembeni," akasema. "Kila jibu liende kwa bote." Nikafanya. Ningefanya nini?

Asubuhi moja muuza mchele wa Bugarama akatuandikia wote, kumpongeza binti wa rafiki yake, maman mmoja wa Mururu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Binti alikuwa amechaguliwa kuwa karani wetu. Yule maman akabonyeza jibu, akidhani anamjibu rafiki yake peke yake: "Asante dada. Ni weye tu unajua sikumuzala. Naogopa siku atajua, ataacha kuniita Maman."

Ikaenda kwa wote. Na karani husoma imeli zote, ndiyo kazi yake.

Punde yule maman akaingia ofisini kwangu Kamembe, beseni la sambaza kichwani, machozi yanamtoka. "Papa, irudishe!"

"Hairudi, Maman. Imeshafika."

Akakaa chini, kwenye sakafu. Mzee wa komite alikuwepo, naye akaona ni wakati wa kutufundisha: "Lakini kwa koperative hatufichane."

"Mzee, hebu nyamaza!" Nilikuwa nimechoka naye, nimechoka kabisa. Nikafungua programu mbele ya macho yake nikaifuta ile amri ya kupeleka kila jibu kwa wote, bila kikao, bila kura. Ila kwa Maman ilikuwa bure, maneno yalikwisha kutoka.

Mara ikaingia imeli ya binti. Maman akaficha uso kwenye kitenge. "Soma weye. Mimi siwezi."

Nikasoma: "Maman, nimeona. Batu bote, musimusumbue na maulizo, huyu njo Maman yangu. Maman, rudi, nimepika."

"Amekujibu wewe na sisi sote," Mzee akasema kwa sauti ndogo. "Ni ile programu."

"Hapana, Mzee. Hakubonyeza jibu. Ameandika imeli mpya, akaweka anwani ya wote yeye mwenyewe, kwa kutaka."

Maman akafunua uso. "Ameniita namna gani? Soma tena pale."