Betri za Bibi na Mvumo wa Jua

Jumapili iliyopita nilikuwa sina zamu, nikapanda bodaboda kutoka Karatu mjini hadi Rhotia, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu bibi yangu. Begani nilikuwa na waya mrefu na redio ya masafa mafupi. Usinicheke, ndugu yangu. Wenzangu wa pale lojini ninapofanya kazi, siku zao za mapumziko wanasuka nywele au wanalala. Mimi nasikiliza jua. Likichafuka huko juu, jua linatoa mawimbi ambayo hata redio ya kawaida inayanasa, pale katikati pasipo na stesheni. Ukitega sikio unasikia mvumo unapanda, unakaa kidogo, kisha unashuka, kama upepo unaopita kwenye mahindi yaliyokauka.

Basi nikautundika waya kwenye mti wa mgrevilea nyuma ya jiko, nikafungua redio. Nilichopata ni zzzz tu. Siku hizi kila paa lina paneli ya sola, na vile vikasha vyake vinapiga kelele redioni mchana kutwa. Nikazunguka na redio mkononi, kuanzia kwenye zizi hadi makaburini, wapi! Nikakaa kwenye kizingiti. Nimechoka, ndugu yangu, na si kwa siku ile tu. Nikamkumbuka bibi.

Nikiwa darasa la sita, nyumba ile ilikuwa haikosi moshi. Makande yalichemka tangu alfajiri, na msimu wa kupura maharage fimbo zililia pa-pa-pa kila boma, vumbi jekundu likatuingia hadi kwenye meno. Redio ya bibi ilikaa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa na kazi mbili: ibada asubuhi, na matangazo ya vifo jioni. Yakianza yale ya “habari ziwafikie”, hata aliyekuwa anatafuna aliacha. Bibi aliyasikiliza amesimama, kanga mabegani, utadhani basi linamsubiri nje.

Mwaka ule alikuwa na sababu. Dada yake, aliyefuatana naye kunyonya ziwa moja, alikuwa hoi kitandani huko Dongobesh. Simu zilikuwa hazijatufikia. Mtu wa Dongobesh akifa, wenye msiba walituma tangazo redioni, nawe ukisikia unafunga safari. “Dada yangu simziki kwa kusimuliwa,” bibi alikuwa akisema. Kwa hiyo betri zile alizitunza kuliko kuku. Zikilegea alizianika kwenye ungo juani, akizigeuzageuza na mahindi, na jioni zilikuwa na nguvu tena kidogo.

Sasa mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa Singida, mpole, suruali moja Jumatatu hadi Ijumaa, akatuambia siku moja kwamba jua lina sauti ya redio. Darasa zima tukacheka. Mimi nikarudi nyumbani nimebeba neno lile. Nikamwambia bibi. Kwa lugha yetu ya Kiiraqw, Looaa ndiye jua, na ndiye Mungu, tena ni mama. Na bibi, pamoja na rozari yake shingoni, hakuwahi kumwacha. “Mama yule haropoki ovyo,” akanijibu, akaendelea kupepeta.

Shule ilipofungwa, bibi akienda shambani saa sita mimi nilibaki na sufuria la makande. Nikaunga waya wa kufungia mbuzi kwenye eriali, nikaurusha juu ya mti, nikazungusha kitufe taratibu. Siku tatu, hamna kitu. Siku ya nne ukaja mvumo. Shhhhh, ukapanda, ukajaa redio nzima, ukafifia. Jamani! Vinyweleo vilinisimama. Nilikuwa peke yangu uani, na makande yaliungua bila mimi kujua. Kuanzia hapo nilikuwa kama mlevi. Kila mchana nilisikiliza, na bibi akikaribia kurudi nilirudisha kila kitu kabatini na kitambaa juu yake.

Hadi siku moja bibi alipofunga kanga, akasimama, akawasha redio. Kimya. Akazibadilisha betri nafasi. Kimya. Akaziuma kwa meno, kama tulivyokuwa tukifanya wote. Redio ikakoroma neno moja, ikakata. Akanituma dukani mbio. Jirani mwenye duka akasema zimekwisha, labda siku ya mnada. Bibi akazianika. Kesho yake redio ikasema, akasikiliza hadi mwisho, hakutajwa dada yake, akapiga ishara ya msalaba. “Bado yupo,” akaniambia, akanipa kipande cha muwa.

Siku ya nne tangu redio inyamaze, akaja mpwa wake kwa basi kutoka Dongobesh. Hakukaa hata kwenye kigoda. “Mama mdogo, tumekusubiri. Tulitangaza. Tumemzika juzi.”

Tukaondoka naye, bibi na mimi. Pale msibani bibi akafanya jambo ambalo sijaliona tena kwa mtu mzima: akapiga magoti mbele ya watoto wa dada yake. “Nisameheni, wanangu. Ni uzembe wangu. Niliacha betri zikaisha.” Wakamrukia kumwinua, “Mama, usifanye hivyo, mama, simama!” Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na sahani mapajani. Nilikuwa najua betri zile zimeishaje. Nikaendelea kula.

Siku hizi msiba unaingia kwenye simu hata marehemu hajaoshwa, na picha juu. Hakuna anayesimama na kanga kusubiri jina. Fimbo za kupura hazisikiki, mashine inamaliza kwa saa moja. Mwalimu alihamishwa, sijui yuko wapi. Hata jua lenyewe halisikiki tena Rhotia, ila hilo nitalifuata huko Sale, au Enguserosambu kwenye ng’ombe wengi kuliko paneli, na nitalisikia tu. Bibi sina pa kumfuata. Aliishi miaka tisa baada ya msiba ule, na kila alipotajwa dada yake alisema, “Mimi huyu, nilimkosa kwa uzembe.” Nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Sikumwambia.