Majina Niliyouza kwa Chumvi

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya arusi yangu. Naisema leo kwa hasira, kwa sababu jana redio ilieleza habari za deputé mmoja, mbunge wa Wakanak, watu wa visiwa vya mbali ambavyo Mfaransa angali anavitawala. Aliingia siasa kijana, akafungwa, akatoka, akachaguliwa. Kura ya uhuru ikawashinda, akaamka kudai tena. Wewe na dada yako Espérance mukanicheka mimi bibi yenu: "Koko, kisiwa kidogo vile kitajitawala na nini? Na nazi?" Kicheko chenu kikafunika jina lake. Mimi, nisiyesahau jina la mutu!

Hivyo hivyo tulimcheka Papa Sebahire. Wakati wa Mbelgiji, kule Kiwanja, alikuwa mpima kahawa wa shamba la muzungu. Alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kudai uhuru, watu watie kidole. Mimi nilimbebea wino. Kusoma sikujua, lakini kila jina alilotamka liliingia kichwani likakaa.

Nilikuwa nafanya kazi jikoni kwa madame wa shamba. Akaninyoshea mfuko wa chumvi, akaniita kwa jina langu: "Vumilia, una kichwa kizuri. Nani walitia kidole?" Nikamtajia wote, mmoja mmoja, kama litania kanisani. Tena kwa majivuno! Kikulacho ki nguoni mwako.

Kabla ya Jumapili askari waliwapakia watu tisa kwenye kamiyo. Sebahire hakurudi.

Mama alionja mboga ya sombe. "Chumvi hii ya wapi?" Nikasema ukweli. Akabeba chungu, akakimwaga nje, watoto wote wanaangalia na njaa yao.

"Hiyo si chumvi," akasema. "Ni Sebahire. Majina uliyoyauza, utayaombea kila Jumapili mpaka kufa."

Nayaombea mpaka leo: Sebahire, Ndagije, Kambale, Bizimana, Paluku, Semivumbi, Kasereka, Ntibonera, Muhindo.

Sasa sikia. Hata leo, hapa Goma, kuna watu wanaouliza nani alisema nini, na unités za simu mkononi, vocha za kukulipa. Funga mdomo. Na mutu anayedai nchi ya babu zake, hata kama ni kisiwa cha nazi, usimcheke: anayemcheka leo ndiye atakayemuuza kesho. Redio ikirudia, munyamaze. Nataka lile jina, niliweke la kumi.

Mungu akupe kichwa kama changu, mwanangu, na mkono kama ule wa mama yangu uliomwaga chungu.