Yule Mama wa Igombe Hakuiba, Mfano Niliutunga Mimi

Nina miaka sabini na tisa, ni mgane, na ninakaa kwa mwanangu Kiseke. Moyo wangu umechoka, daktari hakunificha. Ninaandika haya kwa kidole kimoja, leo siku ya tatu, kwa sababu sina mtu ninayeweza kumtazama usoni nikamwambia. Ninyi hamnijui, ndiyo maana nimewachagua.

Nilikuwa mwalimu wa shule, baadaye shirika moja likanichukua niwe mkufunzi wa vikundi vya kuweka na kukopa huku kandokando ya ziwa. Kina mama wengi walioanza na kisado cha dagaa wakaishia kuwa na duka walipita mikononi mwangu. Mpaka leo huniita Mwalimu.

Igombe kulikuwa na kikundi, na ndani yake mama mmoja aliyetengeneza sabuni za mche. Siku moja alisimama kikaoni akasema mama yake mzazi anaumwa Ukerewe, anakwenda kumuuguza na hajui atarudi lini. Hakuwa anadaiwa chochote. Alichukua akiba yake mbele ya wote, akapiga magoti kuwashukuru, kisha akampa kila mmoja kipande cha sabuni kama kuaga. Nilikuwepo. Na mimi nilipewa changu.

Mwezi uliofuata niliendesha semina Nyamagana ya kuandaa wakufunzi wapya. Watu walikuwa wameshakula, wanasinzia, nami nazungumzia uaminifu. Nilihitaji mfano wa kuwaamsha. Nikasema kuna mama wa Igombe, mtengeneza sabuni, wenzake walimwamini akatunza sanduku la fedha. Akaaga kwamba anakwenda Ukerewe kuuguza. Walipofungua sanduku wakakuta... Hapo nikanyamaza kidogo. "Kipande cha sabuni!"

Ukumbi mzima ulicheka. Mzee mmoja alifuta machozi.

Nilijiambia kwamba sikutaja jina. Lakini kazi yetu ilipangwa hivi: niliowafundisha waende wakafundishe wengine, na hao wengine wakafundishe wenzao. Kila mmoja aliubeba mfano ule kwa sababu ulichekesha. Yule mama alipomaliza msiba wa mama yake na kurudi Igombe, mfano ulikuwa umeshafika.

Alinifuata ofisini. Hakukaa.

"Mwalimu, mimi nimeiba lini?"

"Ule ni mfano tu, mama. Sikusema ni wewe."

"Igombe kuna watengeneza sabuni wangapi waliokwenda Ukerewe kuuguza?"

Nikamuuliza kwa nini wenzake waliokuwepo siku ile hawamtetei. Akasema, "Walinitetea. Sasa wameanza kuulizana. Wanasema wewe ndiye uliyekagua vitabu, labda uligundua kitu ambacho wao hawakukiona."

Aliniomba jambo moja: niende Jumanne, siku ya kikao chao, niseme mbele ya watu kwamba niliutunga. Nikamwahidi. Wiki hiyo hiyo mkuu wangu aliusifia mfano ule, akataka uingie kwenye kijitabu cha mafunzo. Jumanne ikapita. Na nyingine. Nikajizoeza kutopita njia ya Igombe.

Mwezi uliopita mke wa mwanangu, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha hapa mtaani, alileta mkufunzi sebuleni. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili. Nikasikia kupitia ukutani sauti ya msichana ambaye sijawahi kumwona ikisema, "Kuna mama mmoja wa Igombe..." Maneno yangu yote yalikuwepo, hata pale niliponyamaza alinyamaza. Kisha kicheko. Na yule msichana akaongeza kwa fahari, "Mwenye mfano huu ni mzee wetu, yumo humu ndani."

Baadaye mlango uligongwa. Akaingia mwanamke wa makamo, mmoja wa wanakikundi, akapiga goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikuja kukutukana. Mama alinikataza. Mimi ni mtoto wa yule wa sabuni."

Nilitaka kuinuka, sikuweza. Akanieleza kwamba mama yake amefariki. Kikundi hakikumpokea tena, na sabuni zake watu walizishika, wakacheka, wakazirudisha. Lakini kila Jumanne alivaa kitenge cha kikundi akakaa mlangoni kwake kunisubiri. Alikuwa akisema, "Mwalimu ni msomi, ana shughuli nyingi. Atakuja."

"Wenzake wanne bado wapo hai," binti akasema. "Twende ukawaambie wao. Hapa hakuna anayemjua mama yangu."

Tangu siku hiyo nikifumba macho ninasikia kile kicheko, na ndani yake sauti yangu.

Nimemwambia mwanangu. Akanijibu, "Baba, wewe wa kushikwa mkono kwenda chooni, Igombe utafikaje? Na mke wangu je? Wakijua baba mkwe wake alikuwa anadanganya kwenye semina, nani ataweka tena hata mia kwenye kikundi chake?" Ana haki ya kuuliza. Kikundi kile ndicho kinachowasomeshea watoto.

Binti amesema Jumanne hii saa tatu asubuhi atakuja na bajaji. Atapiga hodi mara moja, nisipotoka hatarudi. Mwanangu ameagiza geti lisifunguliwe. Kutoka kitandani hadi getini ni hatua kama thelathini, na tangu Pasaka sijatembea hata kumi. Nikisema ukweli wote, kufa njiani hakunitishi. Ninaogopa kufika, nikute wale wanne wananitazama.

Kama kuna msomaji aliyewahi kuusikia mfano huu akacheka, namwomba awaambie wenzake kwamba yule mama hakuchukua kitu cha mtu. Najua hilo halitoshi. Ninyi mngekuwa mimi, mngefungua geti na kuharibu kikundi cha mkwe wenu, au mngelala kimya hadi bajaji iondoke? Nijibuni upesi, leo ni Jumapili.